Mlima Umefumba Macho

Mwalimu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alianza kwa kukaa kama watu wengine, lakini kabla chai haijafika nusu ungemkuta amesimama mlangoni, kikombe mkononi, anatazama upande wa mlima. Mvua ikinyesha alitaka kujua inatokea wapi. Isiponyesha alitaka kujua kwa nini. Ukimwambia, "Mwalimu, kaa basi upumzike," alikujibu, "Nipumzike, kwani dunia imepumzika?"

Alinifundisha Jiografia sekondari, hapa hapa Tukuyu. Baadaye nilipojenga mtaa wa Msasani, huku huku Tukuyu, tukawa majirani, ua tu ndio uliotutenganisha, na nilipoanza kuendesha bodaboda akawa abiria wangu. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu, na hata mchungaji alipotangaza msiba wake, baada ya mwili kuletwa kutoka Dar es Salaam, alilitaja jina lake la kwenye cheti, watu wakatazamana kidogo kabla ya kuelewa ni nani aliyekufa.

Simu zake zilikuwa fupi.

"Uko wapi?"

"Kijiweni, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Una mafuta?"

"Yapo."

"Njoo. Kule kijijini Kinyala imepiga mvua ya mawe. Wanasema ni makubwa kama mayai ya kuku. Tukichelewa yatayeyuka."

Nilimkuta barabarani tayari, suruali chini ya kitenge, mabuti ya mvua miguuni hata kama jua linawaka. Hakukaa upande kama akina mama wengine. Alipanda kama mwanamume, akashika bega langu, na njia nzima alikuwa akinipigapiga bega hilo: tazama kule, simama hapa, hapana, endelea. Siku ile ya mawe tulikuta migomba imechanika kama mtu ameipitia kwa panga, na watu wamesimama mashambani. Mwalimu aliwapa pole mmoja mmoja, na pole zake zilikuwa za kweli, maana alilima na yeye. Kisha akainama, akaokota jiwe la barafu lililobaki kivulini, akalipasua kwa jembe la mtu, akatuonyesha ndani yake: duara ndani ya duara, kama kitunguu. "Limepandishwa na kushushwa mara nyingi kabla ya kuanguka," alisema. "Kila duara ni safari moja." Halafu akaitia nusu yake mdomoni, akainyonya kama pipi huku mwenye shamba akimkodolea macho.

Darasani alikuwa hivyo hivyo. Hakupenda tumtazame yeye, alipenda tutazame dirishani. Mlima Rungwe ulionekana vizuri kutoka pale siku isiyo na wingu, na siku yenye wingu alitutaka tuuonyeshe kwa kidole ulipo, bila kuuona. Siku moja alileta ndoo ya maji na jiwe lile jepesi lenye vitundu, ambalo mama zetu walisugulia visigino. Akalitupa ndani ya ndoo. Likaelea. Tulikuwa tumekua na mawe hayo nyumbani na hakuna aliyewahi kuyatia majini.

"Hili ni povu," alisema. "Povu la moto uliotoka mle mlimani. Mnasugulia miguu povu la moto."

Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Kwani Mwalimu, ule mlima si umekufa?"

"Nani kakwambia umekufa? Umefumba macho."

"Utafumbua lini?"

"Ningejua, ungenikuta hapa?"

Darasa zima likacheka, lakini nilipotoka nje jioni ile nilikanyaga chini polepole, kama mtu anayepita chumbani kwa mgonjwa aliyelala. Nina hakika hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka tuogope. Alitaka tusizoee.

Sasa, mtu akisikia habari zake hufikiri alikuwa jasiri. Mwalimu alikuwa mwoga wa radi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ngurumo ya kwanza tu ikisikika, na huku kwetu ngurumo hazina msimu, alizima simu, akafunika kioo cha kabati kwa khanga, akaingia chumba cha kati kisicho na dirisha na kukaa chini akiimba tenzi kwa sauti ya chini. Siku moja mvua ilinikuta kwake, nikamfuata mlangoni nikamuuliza, nikijua kabisa ninachokoza.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba kioo hakivuti radi?"

Akanitazama kutoka pale sakafuni. "Nilikufundisha wewe. Radi sikuifundisha."

Na kanisani aliimba sauti ya pili, kila Jumapili, macho juu kwenye bati. Kuna watu waliodhani mtu anayezungumza sana habari za moto wa ardhini na nyota hawezi kuwa mcha Mungu. Mwenyewe hakuona ugomvi. "Mimi nasoma kazi zake," alisema. "Nyie mnasoma barua zake. Tukikutana tuambizane."

Lakini kanisani pia hakukaa hadi mwisho kama angesikia kitu nje.

Nataka nieleze siku ya bonde, kwa sababu watu huisimulia vibaya. Ilikuwa upande wa mlima Kyejo. Kuna bonde dogo huko, la kawaida kabisa kwa macho, nyasi zake kijani, ila ukitazama vizuri utaona ndege wamelala pale chini, na panzi, na wakati mwingine panya. Mbuzi wa mzee mmoja alikuwa ameshuka humo asubuhi na amelala kama aliyesinzia. Tulipofika mzee alikuwa amekunja suruali, anataka kushuka kumtoa.

"Usishuke, baba," Mwalimu alisema.

"Mbuzi wangu huyo."

"Amekufa."

"Amelala. Na akiwa amekufa basi ni wakubwa wa bonde hili wamemchukua, nami nitawaomba. Nawajua."

Mwalimu hakubishana naye habari za wakubwa wa bonde, yaani mizimu ya pale. Aliomba mwanzi mrefu, akafunga kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye ncha, akawasha, akaushusha taratibu bondeni. Moto uliwaka vizuri hadi ulipofika kimo cha goti la mtu, halafu ukazimika. Haukufifia. Ulizimika ghafla, kama mtu ameubana kwa vidole. Akauwasha tena, akashusha tena, ukazimika pale pale. Ni hewa nzito, alituambia, inatoka chini ya ardhi, haina harufu, inajaa bondeni kama maji yanavyojaa bakuli, na anayeinama ndani yake hainuki.

"Huyo unayetaka kumwomba," alimwambia mzee, "anazima moto. Wewe una nini cha kuushinda moto?"

Mzee alikunjua suruali yake. Nikadhani yamekwisha. Lakini mbuzi wa mtu ni mbuzi wa mtu. Aligeuka kama anayeondoka, kisha akachomoka mbio kuelekea bondeni. Mwalimu alimdaka shati. Shati likachanika, akamdaka kiuno, wakaanguka wote wawili kwenye matope ukingoni, mwanamke mstaafu na mzee wa watu, wakavutana pale mpaka nilipofika kumshika miguu.

"Niache!"

"Mbuzi tutamlilia sisi," Mwalimu alisema huku akihema, "lakini wewe utaliliwa na nani, wakati na sisi tutakuwa humo tukikutoa?"

Mzee alilia. Alilia kweli, kwa mbuzi na kwa aibu, na Mwalimu akakaa naye kwenye matope. Hilo ni jambo nililoliona kwa nadra sana, Mwalimu kukaa. Baadaye mzee alikwenda kukata miti ya kuzungushia bonde uzio. Mara tu alipopotea machoni, Mwalimu alijifunga kitenge kiunoni, akanipa ncha yake.

"Nishike vizuri. Nataka kuona hewa inaanzia wapi hasa."

"Mwalimu!"

"Kidogo tu. Nikilegea vuta."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba nikirudi Tukuyu na kitenge kitupu hakuna atakayenielewa. Alinuna njia nzima, na bega langu hakuligusa.

Jua lilipopatwa nalo lilimkuta tayari. Tangu asubuhi alikuwa amemsumbua fundi wa kuchomelea mageti mpaka akaazimwa kioo cheusi kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akaingia sokoni nacho, meza hadi meza, akiwaamuru watu: tazama kwa hiki tu, jicho tupu hapana, haya, mpishe mwenzako. Mchana ukaanza kupauka, rangi ya vitu ikawa kama ya sufuria, kuku wakaanza kutafuta pa kulala, na soko letu lenye kelele likanyamaza. Mama mmoja muuza maparachichi alikuwa mjamzito. Alijifunika uso kwa khanga, hataki kutazama, akisema mtoto atazaliwa na alama.

Nilingoja Mwalimu amhubirie. Badala yake akamwambia, "Basi usitazame juu. Nipe tenga lako." Akalitwaa tenga tupu, akaliinua juu ya ardhi, mwanga ukapenya kwenye matundu yake. Pale chini, kwenye vumbi, kila tundu lilikuwa limechora mwezi mwembamba, vimwezi kwa mamia, vyote vimeelekea upande mmoja. Yule mama akafunua uso. Akanyoosha mguu, vimwezi vikapanda juu ya ndala zake na vidole vyake.

"Ee Kyala," alisema. Mungu wangu. Akaendelea kuchezesha vidole chini ya vimwezi mpaka mchana uliporudi.

Nimeshasema Kinyala. Huko ndiko alikopatia jeraha lake. Mke wa kaka yake, yaani wifi yake, aliishi kwenye mteremko mkali, nyumba chini, migomba juu. Mwaka mmoja mvua ilikataa kukatika. Tulipokwenda kumjulia hali, Mwalimu aliona ufa umepita shambani juu ya nyumba, na migomba imeegemea upande mmoja, na chemchemi iliyokuwa ikitoka chini ya mteremko imekauka katikati ya mvua. Hilo la chemchemi ndilo lililombadilisha rangi. Akaenda nyumba kwa nyumba, akamtafuta mwenyekiti wa kitongoji, na siku hiyo hiyo watu wa mteremko ule wakahamia kanisani na magodoro na kuku wao.

Walikaa karibu wiki. Mvua ikanyesha, mlima ukatulia. Nyani wakamaliza mahindi. Kisha wezi wakaingia mazizini kulikobaki bila watu, wakamchukua ng'ombe wa wifi yake, ng'ombe wa maziwa, mwenye mimba. Watu wakarudi makwao wakimlaani Mwalimu, na mwenyekiti akamwambia kwa heshima zote asije tena kutia watu hofu.

Mlima haukuanguka. Mpaka leo haujaanguka. Wifi yake aliacha kumsalimu. Kwenye misiba ya watu alikaa upande mwingine, na walipokutana njiani alikuwa anaangalia mizigo yake. Sokoni watu walimtania: "Mwalimu, vipi, mlima umeshaanguka?" Naye akajibu, "Bado," akapita haraka. Kila masika aliniomba nimpeleke hadi chini ya mteremko ule. Tulisimama barabarani, hatukupanda. Alitazama, akapanda pikipiki, tukarudi. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo hakunionyesha kitu.

Siku moja nilimuuliza. "Mwalimu, ulikosea?"

"Sijui." Tulikwenda kidogo, akaongea karibu na sikio langu ili upepo usiyachukue maneno. "Ukianguka, nimepona aibu, lakini watu wamekufa. Usipoanguka, watu ni wazima, ila nimeaibika. Wewe ungechagua lipi?"

"Aibu."

"Basi ndiyo niliyoichagua. Ila inawasha. Usidhani haiwashi."

Alipougua, wifi yake alikuja. Hakuna aliyemwita. Mwalimu alikuwa amepooza mguu mmoja na wa pili ulikuwa hauna nguvu, amewekwa kwenye kiti barazani, na kwa mtu kama yeye kile kiti kilikuwa kifungo. Wifi aliingia na kibuyu cha maziwa, akaketi, wakasalimiana kwa Kinyakyusa kirefu, habari za kulala na za watoto. Salamu zikaisha. Nilitaka kuondoka.

"Ule mlima wako bado umesimama, wifi," mama yule alisema.

Mwalimu akamtazama. "Na wewe bado umesimama, wifi."

Wifi alifunika mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Walicheka wote wawili mpaka maziwa yakamwagika.

Aliyebaki kupatana naye ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Binti alifanya kazi Dar es Salaam na alikuja kumchukua mama yake akakae naye huko, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Alikuwa mwana mwema. Alimwogesha, alimlisha, alimpa dawa kwa saa zake. Lakini hawakuongea. Jioni moja aliniambia kisa chake, tukiwa tumesimama uani.

"Siku ya kipaimara changu ardhi ilikuwa imetikisika alfajiri. Unakumbuka vile vitetemeko vidogo? Mama akatoka kwenda kuangalia chemchemi ya maji ya moto kama imebadilika. Akaniambia, nitawahi. Aliingia kanisani wimbo wa mwisho, matope mpaka magotini, ananuka kiberiti. Wenzangu wote wamesimama na mama zao." Akatazama upande wa mlima. "Mimi simchukii, kaka. Ila mlima ulikuwa unamwona kuliko mimi."

Nami nilikuwa miongoni mwa waliompeleka huko.

Siku chache kabla ya safari yao nilipita kumsalimia asubuhi. Alikuwa anahangaika kwenye kiti, anahamisha mkono, anahamisha mto.

"Leo umeona nini?" aliniuliza. Ndiyo iliyokuwa salamu yake siku zile.

Nikamwambia, bila kujua ninachoanzisha. Nilikuwa nimemshusha abiria kwenye mashamba ya chai, na nilipokuwa narudi jua lilikuwa linachomoza nyuma yangu, na bonde lote la chini limejaa ukungu. Nikaona kivuli changu juu ya ukungu, kikubwa mno, na kuzunguka kichwa cha kivuli kulikuwa na duara la rangi kama za upinde wa mvua.

Mwalimu aliacha kuhangaika. "Duara zima?"

"Zima."

"Nyekundu ilikuwa nje au ndani?"

"Nje. Nadhani nje."

"Nadhani!" Alipiga mkono wa kiti. "Miaka yote hii nimeisoma tu. Sijawahi kuiona. Miaka yote, na wewe unakwenda kushusha abiria! Twende."

"Imeshatoweka, Mwalimu. Ukungu umepanda."

"Basi kesho."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. "Mama, huwezi kupanda pikipiki."

"Nikifungwa nitaweza."

Walitazamana muda mrefu. Nilidhani binti atakataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Akaniambia tu, "Uje mapema," akaingia ndani.

Kesho yake nilibeba mshikaki: Mwalimu katikati, binti nyuma, kitenge kimewazunguka wote wawili na kufungwa kwa mbele. Binti alilazimika kumkumbatia mama yake njia nzima. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda. Mwalimu alinipigapiga bega, haraka, haraka, litachomoza. Tulipofika kwenye kona ya juu ya mashamba, tulimsimamisha, mimi mkono huu, binti mkono ule. Baridi ilikuwa kali. Mbele yetu bonde lilikuwa jeupe kama maziwa.

Jua likatoka nyuma yetu.

Vivuli vyetu vitatu vikalala juu ya ukungu, virefu, vimeshikana. Na duara likaja, taratibu, kama kuna mtu anayelipulizia pumzi.

"Lile pale!" Mwalimu alisema. "Liko kichwani kwangu! Nyekundu iko nje!"

"Hapana, Mwalimu," nikasema, "liko kwangu. Tazama, mimi ndiye wa kushoto."

"Kwako wapi? Kwangu! Kivuli cha katikati."

Tukabishana kama watoto. Kisha akaacha ubishi ghafla, na nikajua amekumbuka alichokuwa amekisoma. "Kila mtu analiona la kwake," alisema polepole. "La mwenzako huwezi kuliona. Mwanga unarudi kwenye jicho lako tu."

Binti alikuwa amenyoosha mkono wake ulio huru, na kule ukunguni kivuli kikanyoosha mkono mkubwa. Akaupunga. Kikapunga. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu kama msichana wa darasani.

"Mama," alisema, "liko kwangu."

"Najua. Likoje?"

"Nyekundu nje. Halafu njano. Halafu... Mama, linang'aa."

Nilimtazama Mwalimu nikitegemea kumwona amekodolea macho lile bonde. Duara lilikuwa bado lipo, zima, rangi zake zikizidi kukolea. Lakini yeye alikuwa amegeuza uso. Alikuwa anamtazama binti yake, na hakugeuka tena mpaka ukungu ulipopanda.